Maji ya Nabintu

Jumatatu, 6 Oktoba 2008

Mfereji tena, hapa Kista, Uswidi. Mvua. Mgongo umekufa. Leo nimechimba na Declan, mzee wa Ayalandi, Kiswidi chake kibovu kama changu. Wakati wa kahawa alinichorea ramani ya kwao kwenye boksi. Kijito Owenduff: kwa Kiayalandi, mto mweusi. Tubber, kisima. Knockroe, kilima chekundu. Anasema Waingereza waliopima ardhi waliandika walivyosikia. Sasa vijana wa kwao wanataja majina tu, maana hawajui. Yeye alifundishwa na bibi yake.

Akanipa kalamu. "Na wewe, Bahati? Maji ya kwenu yanaitwaje?"

Nikaandika Nabintu. Maana? Sijui. Nimeyanywa miaka kumi na tisa. Aibu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimechoka. Lakini Nabintu haitoki kichwani. Vijito vyetu vilikuwa saba, nakumbuka majina ya viwili. Baba hayupo. Wajomba walikwisha vitani. Amebaki mama, na moyo wake mgonjwa. Dada yangu Furaha anasema siku nyingine mama hamalizi sentensi. Nitapiga Jumapili baada ya ibada, kama kawaida.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefanya ujinga. Sikungoja. Saa sita mchana nilikaa ukingoni mwa mfereji, nikapiga. Nilisahau kwamba kwetu simu ya Ulaya katikati ya juma ni ya msiba tu. Furaha aliona namba yangu, akapiga yowe kabla ya kupokea. Majirani wakajaa. Mama akaishiwa nguvu. Nikauliza majina ya vijito. Furaha akafoka: "Kaka, una wazimu? Watu wameshaanza kulia hapa!" Akakata.

Nikimuua mama kwa ajili ya jina la maji, je?

Declan alimaliza sehemu yake, akachimba na yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hakuna habari. Naogopa kupiga.

Jumapili, 12 Oktoba

Ibada, kisha simu. Furaha alianza kwa kicheko, nikajua mama yu hai. Akampa simu. Sauti ndogo. "Jumatano umeniletea matanga, leo unataka majina." Akayataja, akipumzika kila baada ya moja. Nabintu alikuwa mwanamke. Mwaka wa ukame alizibua chemchemi peke yake kwa jembe, na mimba tumboni. Mama alifika jina la tano, akachoka. Sikumlazimisha.

Nimeyaandika nyuma ya daftari hili, na maana zake. Chini nimeacha mistari miwili wazi. Kesho mfereji.