Chatu Ndani ya Dema

Mafia, nyuma ya ghala la mbegu

Mama Limi, mke wangu,

Salamu zangu zikukute wewe na mwanetu mkiwa wazima, na mvua ikiwa imewakumbuka. Mimi mzima. Mafua niliyokuandikia yamekwisha, na mahali pake imekuja kero nyingine ambayo ndiyo imenikalisha kitako nishike kalamu. Nimefurahi sana kusikia kwamba siku hizi unasoma barua mwenyewe bila kumwita mwalimu wa kisomo. Kwa hiyo naandika wazi, na nakuomba Baba usimsomee yote. Msomee salamu. Ukifika penye nyoka, ruka.

Ndiyo, nyoka. Najua umeshakunja uso.

Uliniuliza katika barua yako: huko unaishi au unapita? Ukasema umechoka kulala nyumba moja na chatu wa Baba, umechoka kukuta gamba lake kwenye kapu la mtama, na kwamba ulikubali kuolewa nami kwa sababu nilikuahidi nyumba isiyo na nyoka. Yote ni kweli. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa sikuwa na jibu. Tangu niletwe hapa kuwa bwana shamba nasikia uhamisho wangu uko njiani, mara Rufiji, mara Lindi. Kijiji chenyewe kinahama. Watu wameambiwa wasogee wakae pamoja kando ya barabara, basi nyumba za zamani zimeezuliwa na mpya hazijaezekwa. Mimi nimepewa chumba nyuma ya ghala, na sanduku langu sijapata kulifungua likawa tupu. Natoa shati, navaa, nafua, narudisha sandukuni. Sasa mtu wa namna hiyo amwite mke na mtoto waje wapi?

Haya, sikiliza kero yenyewe. Juzi watu walikuwa wanafyeka mahali pa kujenga shule, wakamkuta chatu katikati ya mawe. Si mkubwa kama wa Baba, lakini ni mnene kuliko mkono wangu. Kwingine wangemkata mapanga. Hawa walimtia ndani ya dema, ule mtego wa samaki wanaousuka kwa fito, wakafunga mlango wake kwa kamba, wakaupitisha mti, wakambeba mabegani mpaka kwangu. Natoka na kikombe cha chai mkononi, nakutana naye uso kwa uso.

"Bwana Shamba, mgeni wako huyu," akasema Bi Mwanakombo. Huyu ni jirani yangu, mama mtu mzima, hunipikia na kunigombeza kama aliyenizaa.

"Wangu kwa vipi, Bi Mkubwa?"

"Si wa kwenu huyu? Au tumekosea?"

Chanzo ni kaka yake, Mzee Shomari, mwenyekiti wa kijiji. Aliwahi kwenda Dar es Salaam wakati wa Saba Saba, akaona Wasukuma wakicheza ngoma na chatu shingoni. Tangu arudi, kwa akili yake na ya kijiji kizima, Msukuma na nyoka ni ndugu. Mjusi akionekana jikoni, naitwa mimi. Nimewaeleza mpaka nimechoka kwamba wengine kwetu ni watu wa pamba na ng'ombe tu, na kwamba mimi, ingawa ni mtoto wa mcheza chatu, nilikulia kwa Bibi kwa sababu ya woga. Wanacheka. Wanadhani naficha dawa.

Basi dema likakaa mlangoni kwangu, na kila apitaye ana lake la kusema. Huyu anauliza nimempa jina gani. Yule ananishauri nimwachie ghalani ale panya, maana panya wanatumalizia mbegu za mpunga. Wa tatu anasema nikimwachia ghalani yeye hakanyagi tena kuchukua mbegu, wala mkewe. Halafu wote wananitazama mimi, kana kwamba nimezaliwa na jibu mfukoni.

Nikwambie ukweli, mke wangu, nusura nimkubali. Panya ni kweli wanatumaliza. Na watu ambao hawajawahi kunisikiliza nikisema wapande minazi kwa nafasi, sasa wananyamaza nikifungua mdomo, kwa ajili ya yule mnyama. Baba naye angefurahi mpaka achinje. Lakini nikajiuliza, uhamisho ukija nitamweka wapi? Nimpandishe boti ya Rufiji kama abiria? Na wewe je, utoke kwa chatu mmoja uje kwa mwingine? Nilichukia kijiji kizima. Nikaenda kwa Mzee Shomari kumwambia amwondoe.

Nilimkuta anasuka makuti, na Bi Mwanakombo yuko pembeni anapepeta.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kumrudisha mgeni."

"Marahaba," akasema, akaendelea kusuka. Aliyenijibu ni dada yake.

"Mbuzi tulikupa, ukasema uhamisho. Kuku tulikupa, ukasema uhamisho. Nikakuletea mche wa mnazi upande mlangoni, ukaniambia uhamisho. Tukakaa tukasema, labda vya kwetu havimkai moyoni, tumtafutie cha kwao. Nacho hukitaki. Sasa unataka nini, baba?"

"Bi Mkubwa, mimi nyoka namwogopa."

"Hata sisi tunamwogopa," akasema Mzee Shomari. "Unadhani ilikuwa kazi ndogo kumtia ndani ya dema?" Akaweka makuti chini. "Mabwana shamba waliokutangulia wote waliondoka vivi hivi, na sanduku moja. Mtu asiye na cha kulisha, akiitwa asubuhi, jioni hayupo. Leo tunahamishwa sisi, na kila anayekuja kutuonyesha pa kukaa, yeye mwenyewe hakai. Tulitaka mmoja akae."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Badala yake niliona aibu, Mama Limi. Kumbe watu walihatarisha mikono yao kwa ajili yangu, na mimi nilidhani wananicheza shere. Nikasimama pale nikiwa na hasira bado, na machozi karibu.

"Yule mbuzi bado yupo?" nikauliza.

 Bi Mwanakombo aliacha ungo wake akaenda nyuma ya nyumba, akarudi akimvuta kwa kamba.

Chatu tulimpeleka jana ng'ambo ya mashamba ya mpunga, akatafute panya wake huko. Bi Mwanakombo alishikilia kwamba lazima nibebe mimi upande mmoja wa mti, maana nisipobeba ataambiwa nini na watu. Nikabeba. Kamba ilipofunguliwa, akatoka polepole akaingia majanini bila hata kunitazama, baada ya usumbufu wote ule.

Mpe Baba shikamoo yangu. Mwambie nilipewa chatu na nikambeba kwa bega langu mwenyewe. Usimwambie nilifumba macho. Mama umwambie dawa yake ya kifua ilinifaa. Bibi aliyenilea umwambie mjukuu wake bado mwoga, atacheka. Kaka yako aliyesema sitakuita kamwe, naye msalimie, kwa sauti.

Na swali lako, naishi. Uzeni mtama, mfunge virago, mje. Uhamisho ukija nitawaandikia kwamba nina mfugo. Mashati yangu yote nimeyatoa sandukuni nimeyatundika kwenye kamba nje, na mbuzi ameshatafuna kola ya moja. Njooni kabla hajamaliza yote.

Mimi mumeo,
Masanja