Sukhai Ulizotupandia Zimetutunzia Mtoto

Kando ya Mto Ejin,
9 Septemba 2021.

Mpendwa Mjomba Lodoi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Macho yanaendeleaje baada ya upasuaji? Binti yako Tuyaa akusomee barua hii polepole, na asiruke mahali ninapomsema mume wangu Gombo. Sisi hatujambo. Ngamia wameingia vuli na nundu zilizosimama, na chai ya chumvi haijakosa maziwa.

Nakuandikia kukushukuru. Ningepiga simu, ila haya ni marefu mno kwa simu.

Mwaka ulipopanda zile sukhai, vichaka vya jangwani, magharibi ya zizi, watu walikucheka. Wao walipanda mierebi, nasi tukaiga. Mierebi yetu yote mitano imekufa, Mjomba. Mizizi yake haifiki mbali, na theluji ya milimani siku hizi huyeyuka mapema. Mto unapita haraka, na kufikia kiangazi tunauvuka kwa viatu vikavu. Toorai za zamani, ile miti mikubwa ya kando ya mto, bado zinavumilia. Zimeacha vilele vikauke, zikabakiza majani ya matawi ya chini. Sukhai zako ndizo hazijali. Mchanga ukizifukia, huchipua juu yake. Sasa ni vilima vinavyonizidi kimo.

Basi mwezi wa tatu Gombo akaamua kuzing'oa alime matikiti. Trekta ilikuwa ije Jumanne.

"Mjomba wako alitupandia kuni," akaniambia. "Matikiti yanaliwa. Hizi nani anakula?"

"Ngamia."

"Basi ungeolewa na ngamia!"

Jumapili kabla ya trekta, mtoto wetu Khulan alitoka kurudisha ngamia majike wenye ndama. Hakuwa amefika mbali tulipoona ukuta wa vumbi la manjano ukija. Mchana ukazimika. Gombo alijifunga kamba kiunoni, mimi nikashika ncha mlangoni. Alitoka mara mbili, akarudi mara mbili, uso unavuja damu kwa changarawe. Mara ya tatu nilimshika mkanda nisimwachie. Tulikaa hivyo kwa muda wa saa nne, Mjomba.

Upepo ulipolegea tulikimbia tukiita. Tulimkuta katikati ya sukhai, nyuma ya kilima kikubwa kuliko vyote. Ngamia wamelala wameupa upepo mgongo, yeye amejibana kati yao, koti lake amemfunika ndama kichwani.

"Mimi sikujua niende wapi, mama," akasema. "Niliwafuata tu wao."

Gombo alikaa chini palepale mchangani akalia. Sijawahi kumwona hivyo, hata tulipomzika mama yake. Tulipofika nyumbani akampigia simu mwenye trekta: "Usije. Hapana, si bei. Ni mjomba wa mke wangu, amekataa." Nawe ulikuwa huko kwa binti yako, umelala na bandeji machoni!

Jambo jingine litakufurahisha. Toorai humwaga pamba yake yenye mbegu Julai, wakati mto umeshakauka, kwa hiyo mbegu huangukia vumbi. Miaka tisa sikuona mche mmoja wa mbegu. Mwaka huu Gombo alichimba mfereji chini ya ile toorai kongwe, akaulowesha kwa maji ya kisima mwezi mzima. Ikaota miche. Juzi nikamkuta ameinama anataka kuing'oa.

"Mierebi tena!" ananung'unika. "Tazama majani membamba."

Nikampiga mkono. Toorai changa huwa na majani kama ya mwerebi, wewe ndiye uliyenifundisha. Iko ishirini na miwili. Khulan ameizungushia ua wa matawi mbuzi wasiifikie.

Msalimie Tuyaa, mumewe Bürin na mapacha wao. Mbingu zikurudishie nuru ya macho, na zikupe miaka ya kuitumia.

Gombo amesimama nyuma yangu. Anasema niandike kwamba miche ni yake, yeye ndiye aliyeipanda. Naandika ukweli: alimwaga maji tu.

Mpwa wako akupendaye na kukushukuru kila asubuhi,
Otgon