Mwezi Mzima Bila Zamu

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kwanza ya mafunzo ya kompyuta kwa walimu. Sauti imenikauka. Walimu ishirini na wanne, kompyuta zinazowaka kwa kubembelezwa, mkufunzi mmoja — mimi, eti kwa kuwa mimi ndiye "kijana wa mitambo" hapa shuleni. Nina miaka thelathini na tisa!

Mkuu alifungua kwa maneno machache. Muhula ujao alama zote zinaingia kwenye mfumo wa kompyuta, na kila mwalimu anaingiza zake mwenyewe. Asiyeweza hapewi darasa la mtihani. Fomu ya kila mtu, amefuzu au hajafuzu, nasaini mimi. Akaaga, akaniachia macho arobaini na nane. Arobaini na sita — mwalimu wa michezo alikuwa ameshalala.

Mwalimu wa Historia aliuliza kama akibonyeza vibaya atafuta alama za shule nyingine. Mwalimu wa Dini aliuliza chai ni saa ngapi. Waliobaki walisahihisha madaftari. Mganga hajigangi, na mwalimu hafundishiki.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa. Mashindano! Timu nne za watu sita sita. Kazi inatolewa leo, inatumwa kesho yake kabla ya saa sita mchana, na kila aliyemaliza anaipatia timu yake pointi. Nikamwendea Mkuu kuomba zawadi, nikijua nitanyimwa. Akasema timu itakayoshinda inasamehewa zamu mwezi mzima.

Mwezi mzima! Bila kufika getini kabla ya jua, bila kukagua vyoo, bila kuamua kesi za kalamu zilizoibwa. Nilipotangaza, mwalimu wa michezo akaamka.

Kisha majina ya timu. Dakika hamsini! Nina Simba, nina Radi, nina Simba wa Kweli (walikasirika kuwahiwa), na nina Wastaafu Watarajiwa. Hii ya mwisho ni ya Mzee Wino, mwalimu wa Jiografia. Tunamwita hivyo kwa sababu anaandikia kalamu ya wino wa kujaza tu, nyingine anaziona za kitoto. Amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Alinifundisha mimi, na mpaka leo ananiita mwanangu mbele ya wanafunzi.

Alhamisi, 6 Juni

Siamini macho yangu. Kazi ya kwanza, barua kwa wazazi: watu ishirini na wanne, barua ishirini na nne. Kazi ya pili, jedwali la alama, imefika leo asubuhi: ishirini na nne tena, zote safi. Wastaafu Watarajiwa wanaongoza kwa kuwahi kutuma. Mzee Wino, ambaye Jumatatu aliiomba kompyuta radhi kabla ya kuigusa, ana pointi zote! Nilimpongeza. Akasema ni mambo ya timu hayo, akageukia dirisha.

Nimemwambia Mkuu mafunzo yanakwenda vizuri. Nikajisifu kidogo. Haya, sana.

Ijumaa, 7 Juni

Mjinga ni mimi.

Jedwali la Mzee Wino lilitumwa jana saa mbili na dakika tano asubuhi. Saa mbili na dakika tano Mzee Wino alikuwa mstarini, hatua tatu kutoka kwangu, akiwaambia watoto wachomekee mashati.

Nikafukua. Kazi sita za Wastaafu zimetoka kwenye kompyuta moja, ndani ya dakika tisa. Kompyuta ya mwenzao tunayemwita Umeme, mwalimu kijana wa Kemia. Simba hivyo hivyo. Radi hivyo hivyo. Simba wa Kweli hawakuona haja hata ya kubadilisha jina — barua sita, mwandishi mmoja! Ndani ya boksi la chaki nikakuta karatasi yenye maneno ya siri ya Wastaafu wote, kwa wino mzuri wa bluu, imepigiwa mistari kwa rula.

Walimu! Hao hao wanaotenganisha madawati siku ya mtihani! Kwa pamoja tuna zaidi ya miaka mia tatu ya kukamata wanaonakili. Nilipowauliza, Umeme akajibu bila haya kwamba huo ndio ushirikiano. Mzee Wino alikuwa anajaza kalamu yake wino. Hakuinua kichwa.

Jumapili, 9 Juni

Nimemweleza mama. Anasema nimsainie tu yule mzee wa watu. Darasa la mtihani amelishika miaka ishirini na miwili, leo akipokonywa atashika nini mpaka astaafu?

"Sahihi ni mstari mmoja, mwanangu. Yeye kakufanyia mangapi?"

Kanifanyia kweli. Nilikuwa na miaka kumi na minne, ramani sijui kusoma wala kuchora. Kaka akanichorea. Mzee Wino akaitazama, akaichana, akanibakiza baada ya masomo mpaka nichore mwenyewe. Mara saba! Nilikuwa nalia, na yeye ameketi, anasahihisha. Mchelea mwana kulia hulia yeye, akasema. Nilimchukia mwaka mzima. Mama amemsahau Mzee Wino yule. Mimi sijamsahau, na leo hasira zimenipanda upya.

Jumatatu, 10 Juni

Sheria mpya. Pointi zote zimefutwa. Ijumaa fainali moja: kila mwalimu anaingiza alama za darasa lake, kwenye kompyuta yake, mbele ya macho yangu. Muda wa timu ni muda wa mtu wake wa mwisho kumaliza.

Kelele! Mwalimu wa Dini akaniita dikteta. Nikamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kufika saa nane, ajabu: mwalimu wa michezo alikuwa anamfundisha mwalimu wa Historia, mpaka jasho linawatoka. Wanajifunza! Kwa hofu ya zamu, lakini wanajifunza.

Isipokuwa Wastaafu. Wao waliitisha kikao, wakamteua Mzee Wino kuwa mlezi wa timu. Mlezi hashindani, wakanieleza, mlezi anabariki. Wakampa kiti cha dirishani kwa heshima zote. Umeme akamletea chai! Mzee akashukuru. Akakaa pale saa mbili nzima, amepakata daftari lake la alama, anatazama migongo yao.

Nimekasirika zaidi kwa hiyo chai kuliko kwa kunakili kote kule.

Jumatano, 12 Juni

Mzee Wino alinifuata wakati wa mapumziko. Nikadhani amekuja kujifunza. Akaweka mezani daftari lake: wanafunzi thelathini na wanane, wino mweusi, hakuna palipofutwa. Akasema yote yamo, mimi niingize, yeye akague, fomu nisaini, mambo tuyamalize kinyumbani.

Nilitaka kukubali. Nilitaka sana! Mdomo ukanitangulia.

"Ramani yangu uliichana, Mwalimu. Yako nikuchoree?"

Akalifunga daftari.

"Sawa, mwalimu."

Mwalimu. Si mwanangu. Miaka ishirini na mitano hajawahi kuniita mwalimu. Mchana nimewafokea watoto wasio na kosa lolote.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika humu humu chumba cha kompyuta, daftari nimelikinga kwa rundo la fomu. Fainali imeanza saa nane kamili. Dakika moja kabla, Mzee Wino aliinuka dirishani, akavuta kiti mbele ya kompyuta, akatangaza kuwa mlezi amejiuzulu. Timu yake ikanitazama mimi, kana kwamba nimemtuma.

Simba wamemaliza saa nane na nusu. Radi wakafuata, kisha Simba wa Kweli, wakishangilia kwa kupiga meza. Wastaafu watano tayari. Wa sita anapiga kidole kimoja, na kila alama anaitazama daftarini, kwenye skrini, daftarini tena. Umeme alipenyeza mkono kwenye kibodi. Mzee akamgonga vidole kwa rula bila hata kumwangalia.

Kwenye mwanafunzi wa kumi na tisa akabonyeza sijui nini — kila kitu kikapotea. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akanyoosha mkono juu. Mtu wa miaka hamsini na minane, mkono juu, anasubiri kuitwa!

Nikamwita.

"Nimepotea, mwanangu. Nianzie wapi?"

Nilisimama nyuma yake, mikono nimeifunga mgongoni isinisaliti. Nikamwelekeza kwa mdomo tu. Pale. Hapana, juu yake. Bonyeza mara moja, Mwalimu, mara moja! Majina yakarudi yote.

Sasa yuko wa thelathini. Kengele ya kutoka imelia zamani, washindi wanajulikana, na hakuna aliyeondoka. Mwalimu wa michezo anahesabu kwa sauti ya chini. Fomu ya Mzee iko chini ya kiwiko changu, haijaandikwa kitu. Mafunzo yanafungwa saa kumi, na zimebaki dakika sita.

Wa thelathini na moja. Mkuu amefika mlangoni, anataka fomu zote ishirini na nne. Anauliza kama tumemaliza. Nimemjibu bado. Ametazama saa yake, ametutazama sisi, sasa anakwenda kukaa kwenye kile kiti cha dirishani.

Wa thelathini na mbili.