Malkia wa Ukutani

S.L.P. 218,
Ruiru.
9 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Kahiga,

U mzima huko Kanada? Kifua je, na hiyo baridi yenu? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu, ila vumbi la Ruiru linatumaliza. Mvua imekataa kabisa. Mama anakula vizuri na goti limempa nafuu.

Najua unachongoja kusikia. Ulisema kufikia Pasaka Mama awe ameingia ile nyumba ya kupanga hapa Ruiru, na ile ya udongo kule Gatuanyaga ibomolewe. Bado hajatoka. Sababu yake mara hii ni nyuki.

Unawakumbuka wale wadogo wasiouma, walio kwa ukuta wa chumba chako? Mama alikuwa akitupa asali yao tukikohoa, na wewe ukawa unakohoa kila siku. Bado wapo. Mama anasema hawezi kuwaacha waangukiwe na nyumba. Basi mimi na ujanja wangu nikanunua mzinga mdogo Thika, nikaupaka asali, nikauegemeza hapo ukutani. Nilijua wakihama, Mama atakosa cha kusema.

Siku zikapita, hakuna aliyehama. Nikamwita Benta, tunayeimba naye kwaya, ambaye ni mtafiti wa wadudu pale Juja. Kumbe Benta ana kazi kweli. Alipiga magoti kwa vumbi na gauni lake la Jumapili, akawapaka nyuki nukta za rangi mgongoni kwa kiburashi chembamba, mmoja mmoja, ajue nani anaenda wapi. Jioni akatuonyesha wakiziba mlango wao kwa nta, kama watu wanaofunga duka. Amewasoma tangu akiwa msichana, na bado anacheka peke yake akiwaangalia.

Mzinga wangu aliucheka pia. Akatueleza kwamba wale nyuki wa kuuma wakigawanyika, malkia mzee ndiye huondoka. Hawa sivyo. Malkia wao akishaanza kutaga, tumbo humjaa hata hawezi kuruka tena. Anayehama ni binti, na wafanyakazi huendelea kurudi kwa mama kuchukua nta na asali mpaka nyumba mpya isimame. Ukitaka yule mzee ahame, lazima ukate kipande cha ukuta umbebe ndani yake.

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Akauliza bila kuinua macho, "Na mimi mtanikatia ukuta gani?"

Kahiga, nililia nikiosha vyombo. Tulikuwa tumempangia kila kitu, wewe kwa simu na mimi kwa mzinga, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hivyo nimeamua, na usinipigie kunigombeza. Nyumba ya Ruiru nimeirudisha kwa mwenyewe. Nitakayehama ni mimi, niende nikae na Mama. Kazini nitafika tu, nitakuwa naamka mapema. Fundi atakuja, lakini ni wa kutuwekea mabati mapya.

Msalimie Wilkister na watoto. Njau na Idah wa kwaya nao wanakusalimu sana. Mungu akufunike popote ulipo. Mama amesema ukija usitafute hoteli, kitanda chako ameshakitandika.

Dada yako akupendaye bila kuchoka,
Wanja