Rangi nyekundu juu ya jina yangu

Amisa, uko? Kitu ya kwanza niliona ni jina yangu ukutani, pale ordinateur inaonyesha picha. MWANVITA, na rangi nyekundu juu yake.

Nilikuwa naingiza chai tu! Wageni walikuja ku bureau, ofisi yetu ya mutaa wa Muhumba, kuona programme ya Chris, kijana wetu wa ordinateur, ile inasoma maelezo ya huduma za internet, inatafuta makosa, kisha inageuza hayo maelezo kwa muundo mupya. Alichukua maelezo ya huduma moja ya kutafutia watu kazi. Kwa mufano wa mutu, akaniandika mimi. Bila kuniuliza!

Programme ikakataa. Chris akasoma kwa sauti: "Mwanvita amekataliwa. Diplome ya shule inakosekana, na diplome iko lazima."

Amisa. Mbele ya watu wote. "Mwanvita amekataliwa."

Mugeni mumoja, tonton mwenye umri, akasema: "Maman ya chai, hata machine inakukataa!" Wote wakacheka.

Chris akaona haya. "Pardon, Mwanvita. Si wewe, ni mimi niliandika vibaya." Ku maelezo akafuta lile neno "lazima". Rangi ikawa kijani. Wakapiga makofi, ati sasa nimekubaliwa.

Sasa niko jikoni ya bureau, siwezi kurudi kuchukua vikombe. Wananiita, lakini nakuandikia wewe.

Unajua niliachia shule quatrième primaire, darasa la ine, na kila mutu akiuliza nasema shule haikuwa kitu yangu. Lakini kuna kitu sijaambia mutu, hata mama. Sikutaka afute lile neno, Amisa. Nataka kurudi shule, nimalize, nipate hiyo diplome mimi mwenyewe.