Maji kwenye Ngazi za Zuhura

Mama,

Shikamoo kutoka Cheektowaga, huku Marekani, kwenye baridi inayouma mpaka meno. Mimi na Zuhura wazima.

Wiki iliyopita Zuhura alikuwa anatoka kwenda kwenye mtihani wake wa uuguzi. Kufungua mlango tu, jirani yetu Bibi Stoyanka, mzee wa Kibulgaria, akamwaga jagi zima la maji kwenye ngazi zetu huku akinong'ona. Mimi mtoto wa Tanga nikajua tumerogwa. Nikang'aka, "Bibi, tumekukosea nini?"

Zuhura akacheka. "Dada, ananiombea! Kwao ndivyo wanavyomsindikiza mtu anayetoka, mambo yake yatiririke kama maji. Dua zao zinaanza na kineno 'da', kama sisi tunavyosema ufaulu, upone, ufike salama."

Sasa maji ya huku yatiririke wapi? Yaliganda palepale. Bibi, na uzee wake wote, akapiga magoti akanyunyiza chumvi, kisha akamshika Zuhura mkono mpaka kwenye gari. Mama, niliona haya, halafu nikalia. Ugenini kote huku, kuna mtu anamsindikiza mwanao kama ambavyo ungemsindikiza wewe.

Amefaulu! Bibi tumempikia pilau, sufuria amelirudisha tupu.

Alhamisi ukienda kupasuliwa jicho, mwambie baba amwage maji mlangoni kabla hujatoka. Atanuna, lakini amwage. Huko hayagandi.

Da upone, mama yangu.

Mwanao,
Mwanaidi