Kipindi Chako cha Asubuhi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Cherehani yangu imekata mkanda, na fundi viatu wa mlango wa pili amegongelea tena kiti cha Mama, mara ya tatu sasa. Ameishia kunywa chai yetu.

Kipindi chako cha redio tunakisikiliza kila siku. Majirani huja na vigoda vyao, wanakusikia ukihimiza watu waishi maisha ya kawaida, wajuane na jirani, wasiwasahau wazazi. Unasema vizuri, hilo sikunyimi. Nusura nikuamini.

Mama ndiye asiyekosa. Macho yamekwisha kabisa, labda hukujua, lakini masikio yapo. Jana ulipowaambia watu wawapigie simu mama zao, alinishika mkono.

"Kijana huyu kalelewa huyu," alisema. "Mama yake ana bahati."

Miaka kumi na moja hujazungumza naye, na redioni unatumia jina jingine. Fundi viatu, anayejua kuwa ni wewe, aliinamia kikombe chake. Mimi nikasema, "Kweli, Mama. Ana bahati."

Kisha akaniomba nimwandikie mtangazaji yule, nimpe shukrani zake.

Basi, Mama anakushukuru.

Dada yako